Moshi Uliotangulia Mlipuko

Mwaka 2014, siku yangu ya mwisho mjini Naples, mvua ilinizuia kupanda Mlima Vesuvius, nikajikuta nimeketi mbele ya sanduku la postikadi kuukuu katika duka la picha za kale. Karibu zote zilikuwa za mlima huohuo: mlima nyuma ya msonobari wa Posillipo, kilima cha mjini humo, mlima pamoja na reli ya kamba iliyofunguliwa mwaka 1880 ili kuwapandisha watalii hadi karibu na kreta, mlima ukitema moto usiku juu ya ghuba yenye maji mekundu kupita kiasi.

Moja niliipenda papo hapo. Wingu la moshi lilipanda wima kisha likatanda kama matawi ya msonobari, umbo lilelile alilolieleza Pliny Mdogo, mwandishi wa Kirumi, alipoandika juu ya mlipuko wa mwaka 79, na maandishi ya Kiitaliano chini yake yalisema kwamba huo ni mlipuko wa Aprili 1906. Huo ndio ulioiharibu reli ile, ukapeleka lava hadi mji wa Boscotrecase, na huko San Giuseppe Vesuviano paa la kanisa lililolemewa na majivu likawaangukia waumini na kuua zaidi ya watu 100. Nilikubali bei bila kubishana, jambo ambalo si kawaida yangu.

Nikingoja kufungiwa kadi yangu, nilipekua tena nikakuta kadi ya rangi ya kahawia, ambayo mwandishi wake alikuwa ameyabana maneno yake kuuzunguka moshi, herufi zikizidi kuwa ndogo kuelekea pembeni, kwa kuwa enzi hizo upande wa nyuma uliachiwa anwani peke yake. Nilipoziweka kadi hizo sambamba, moshi ulikuwa mmoja: kifundo kilekile upande wa kushoto, mkunjo uleule juu ya kreta. Muhuri wa posta kwenye kadi ya kahawia ulisomeka 1904.

Niliomba kioo cha kukuzia. Wekundu wa lava katika kadi yangu ulikuwa umepakwa kwa brashi, na mahali pamoja rangi ilivuka ukingo wa mlima ikaingia angani. Kilele nacho kilikuwa bado kimechongoka, ilhali mlipuko wa 1906 ulikibomoa. Muuzaji, bila haya yoyote, alinieleza kwamba wachapaji hawakuwa na sababu ya kungoja picha mpya wakati ya zamani ilikuwepo, kisha akazitia kadi zote mbili katika bahasha moja na kunitajia bei ya ile ya pili, nami nikalipa.