Gurudumu limebaki, baiskeli haipo

Jamani, leo nimeumia.

Wanaonijua wanaijua ile baiskeli. Ni ya marehemu babangu, alikuwa akibebea nazi kutoka shamba. Kila siku naiacha stendi hapa Malindi, napanda matatu hadi Watamu kazini, jioni naikuta.

Leo nimeshuka maghrib inaadhiniwa.

Nguzo ipo. Mnyororo upo. Kufuli limefungwa vile vile nilivyoliacha asubuhi. Na gurudumu la mbele limeegemea nguzo, peke yake, na ule uzi mwekundu alioufunga mwanangu kwenye spoki.

Nimesimama na ufunguo mkononi, sijui nifungue nini.

Mwizi kalegeza nati mbili tu kwa spana. Mimi nilipitisha mnyororo kwenye gurudumu pekee. Ungepita na kwenye fremu, angehangaika. Mama muuza mahamri kamuona kijana kaibeba begani: "Nikadhani ni fundi, mwanangu."

Polisi wameniuliza namba ya fremu, ile inayogongwa kwenye chuma chini ya pedeli. Miaka yote hiyo sijawahi kuipindua nikaiandika. Wenye baiskeli, tafadhali, ipindueni usiku huu, muipige picha.

Yangu ni nyeusi, karia imechomelewa upande wa kushoto. Mkiiona na gurudumu la mbele lisilofanana na la nyuma, nipigieni saa yoyote.

Na ninyi mnaoacha zenu stendi, mnafunga vipi? Kuna mtu mnamlipa awaangalizie?