Roketi inapanda hadi wapi? Nilivyopata jibu

Roketi inaondoka ardhini kwa kilomita 5 kwa sekunde, injini imeshazima. Hewa tuiweke kando. Kanuni ya jiwe lililorushwa juu, h = v²/2g (h ni kimo, v ni kasi ya kuanzia, g ni mchapuko wa uvutano), inatoa kilomita 1,274. Tatizo ni kwamba inachukulia g ni 9.81 m/s² safari nzima, wakati uvutano unapungua kadiri unavyopanda.

Nikahamia kwenye nishati: nishati mwendo yote inaishia kwenye kupanda. Hesabu ikafupika vizuri ajabu: h = H/(1 − H/R). H ni lile jibu la kwanza, R ni nusu kipenyo cha Dunia, kilomita 6,371. H/R ni 0.2, basi 1,274 ÷ 0.8: kama kilomita 1,593. Kwa kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde, H inalingana na R; unagawanya kwa sifuri, roketi hairudi.