Jioni Tuliyoandika Malalamiko

Jirani yangu wa bwenini alinipa simu yake akasema, "Dada, soma mwenyewe." Ulikuwa ujumbe wa usiku, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwa msimamizi wa tasnifu yake: kwanza sifa za mavazi, kisha mwaliko wa kupitia sura ya pili nyumbani kwake, mwisho vitisho kuhusu alama. Alitaka kuufuta wote. Nikamsihi asifute hata mmoja. Nilikuwa nimewasindikiza wengine kwa mlezi wa wanafunzi, na malalamiko mengi niliyaona yakikwama kwa kukosa ushahidi.

Tulipiga picha za skrini zenye tarehe, saa na namba yenyewe ya simu, kwa sababu namba yoyote inaweza kuhifadhiwa kwa jina lolote. Hatukungoja kesho, programu nyingi za ujumbe humwezesha aliyetuma kufuta hata kwenye simu ya aliyepokea. Nakala tukazituma kwenye baruapepe yake binafsi, si ile inayosimamiwa na chuo.

Kisha tukaandika tukio moja moja: siku, saa, mahali, nani alikuwa karibu, alimweleza nani baadaye. Hapo tulikaa sana. Kila alipoandika "alinidhalilisha" nilimuuliza, alisema nini hasa? Neno hilo ni hukumu, na mtuhumiwa atalikana kwa sentensi moja. Maneno yake mwenyewe, yakiandikwa yalivyotamkwa, si rahisi kuyakana. Pale asipokumbuka tarehe aliandika "wiki ya kwanza baada ya mitihani". Kukisia ni hatari, maana tarehe moja ikionekana si kweli, zote hutiliwa shaka.

Kwake haikufikia kuingiliwa kwa nguvu. Ingefikia, tungeanzia hospitali usiku uleule: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Angekwenda bila kuoga, na nguo zingewekwa kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu unaoharibu ushahidi.

Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Aya niliyoing'ang'ania ni ya maombi, kwa sababu ofisi huuliza "unataka tufanye nini?" na mtu aliyechoka hukosa jibu. Aliomba msimamizi mwingine, kazi yake isahihishwe na mtu tofauti, na yule mhadhiri akatazwe kuwasiliana naye.

Asubuhi, tulipofika ofisini kwa mlezi wa wanafunzi, kabla ya kueleza lolote, jirani yangu aliuliza: nikisema hapa, nani mwingine atajua? Ni swali la lazima. Mnasihi hutunza mazungumzo isipokuwa maisha ya mtu yamo hatarini, lakini ofisi inayopokea malalamiko rasmi huenda ikalazimika kuyafikisha mbele. Afisa alipopendekeza wakutanishwe "wayamalize", alikataa, nami nikafurahi sana. Suluhu ya ana kwa ana haifai pale mmoja anaposhika alama za mwenzake. Tuliondoka na nakala yenye mhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Bila hiyo, barua ikipotea huna pa kuanzia.

Msimamizi mpya alipatikana uchunguzi ukiwa bado unaendelea. Hilo ndilo tulilolifuatilia kwa nguvu zaidi, kwani uchunguzi huweza kuchukua miezi, na tarehe ya kuwasilisha tasnifu haiusubiri.