Masikio ya Mjomba

Mwaka 2021, nikisomea uzamivu wa kemia huko Ujerumani, nilikuwa na molekuli moja niliyoipenda kupita kiasi. Ilikishika barabara kipande chetu cha RNA, uzi unaonakiliwa kutoka kwenye jeni, na grafu zake nilizituma hata kwa watu ambao hawakuziomba. Msimamizi wangu alizitazama kwenye kikao, akauliza: "Umeweka tRNA?"

Alimaanisha tRNA ya hamira, aina nyingine ya RNA iliyo rahisi kununua, ambayo humiminwa kwa wingi ili kuona kama molekuli itabaki mahali pake au itahama. RNA yoyote ina uti wa fosfeti wenye chaji hasi, na molekuli yenye chaji chanya huigandia ovyo, kama tope kwenye kandambili. Niliimimina mchana ule ule. Grafu ikalala bapa: molekuli yangu ilikuwa imehamia kwenye tRNA.

Aliponiona nimenuna, akaniuliza dawa ya RNA ninayoijua. Risdiplam, nikasema. Nani asiyeijua? Ilikuwa imeidhinishwa Marekani Agosti 2020: dawa ya kunywa kwa watoto na watu wazima ambao misuli yao inadhoofika, na kazi yake ni kuisaidia seli kuunganisha vizuri RNA ya jeni ya SMN2. Akacheka. "Na streptomaisini?"

Kweli, nayo hushika RNA. Ilipatikana mwaka 1943, ikatibu TB miaka na miaka kabla watu hawajaona inakaa wapi hasa. Mwaka 2000 ndipo watafiti wa Cambridge walipoonyesha kwa undani jinsi inavyojibana katikati ya RNA ya ribosomu ya bakteria, yaani mashine yake ya kutengeneza protini. Shida ni kwamba mitokondria zetu, vijiwanda vya nishati ndani ya seli, nazo asili yake ni bakteria, zina ribosomu zao. Kuna watu wenye herufi moja tofauti, G badala ya A kwenye nafasi ya 1555 ya DNA ya mitokondria, na hiyo hufanya RNA yao ifanane zaidi na ya bakteria. Sindano ikiingia, masikio yanaweza kuondoka. Hurithiwa kwa mama tu, msimamizi akaongeza.

Hapo mawazo yangu yalishafika nyumbani. Mjomba alichomwa sindano hizo kila siku alipougua TB. Kifua kikapona, masikio yakafa. Utotoni tulidhani anaringa. Wapo wanaoharibikiwa masikio kwa dawa hiyo bila kuwa na herufi ile, nalijua hilo, lakini Mjomba na mama wametoka tumbo moja, nami nimetoka kwa mama.

Jioni nikampigia.

"Shikamoo mama. Eti kwenu kuna mwingine aliyekuwa hasikii?"

"Marahaba. Mama mdogo wa Tanga, marehemu. Naye alichomwa zile zile." Akanyamaza kidogo. "Kwani huko wamekuchoma?"

"Hapana."

"Basi waambie wasikuchome. Leo hii. Usingoje kuugua."

Nilipokwenda kujiandikisha kwa daktari, kwenye safu ya dawa zisizonifaa nikaandika streptomaisini pamoja na jamii yake yote. Daktari akauliza nilipima lini. Nikamwambia sijapima, mama amekataza.