Neli Iliyong'aa Kabla ya Wakati

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na jasho langu la wiki nzima lilikuwa kwenye neli sita. Humo mlielea liposomu, vifuko vya kubebea dawa vyenye ukuta wa mafuta, visivyoonekana kwa macho, nilivyovijaza rangi iitwayo kalseini badala ya dawa. Kalseini ikibanana ndani ya kifuko hujizima. Ikivuja na kutawanyika majini, hung'aa kijani. Mwanga ukipanda, ujue kilichokuwa ndani kimetoka.

Neli ya kwanza haikuongezewa kitu juu ya vifuko. Zilizofuata nilizitia Triton X-100, sabuni ya maabara, nikiongeza kiwango hadi ya sita, ambayo vifuko vyote vilitakiwa vivunjike ili niihesabu kuwa asilimia 100 ya uvujaji.

Ya sita ilinifurahisha: maji meupe kama maziwa yakatakata papo hapo. Lakini ya kwanza nayo ilikuwa inang'aa. Si sana, ila kila nikipima namba imepanda. Nikashuku kolesteroli, maana ndiyo inayoukaza ukuta wa kifuko. Nikashuku joto. Nikashuku hata mashine.

Msimamizi wangu alitazama namba, kisha akauliza, "Neli hizi umezioshaje?"

"Kwa sabuni, Dokta."

"Ukazisuuza mara ngapi?"

Nikanyamaza. Akachukua neli tupu niliyoosha siku ileile, akatia maji safi, akaziba mdomo wake kwa dole gumba na kutikisa. Povu jembamba likabaki limezunguka ukingoni, halitaki kupotea.

Nilikuwa nimesoma mambo haya, lakini povu lile ndilo lililonifungua macho. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Mkia huo hujichomeka katikati ya mafuta ya ukuta. Zikiwa chache, kifuko hakivunjiki, hulegea tu na kuvuja taratibu. Zikizidi, ukuta wote humeguka na mafuta yake kuchukuliwa na sabuni. Mimi nilikuwa nikiitazama ya sita, kumbe hatari imo katika ule uvujaji wa kimyakimya. Dawa ya saratani kama Doxil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, hutegemea doksorubisini, yaani dawa yenyewe, ikae ndani ya kifuko hadi ifike kwenye uvimbe. Na liposomu inayomezwa hukutana kwenye utumbo mwembamba na chumvi za nyongo, ambazo nazo ni sabuni za mwili.

Nikamwaga zote sita. Nilisuuza neli mpya hadi maji yakatikiswa bila povu, nikaandaa vifuko upya. Safari hii ya kwanza ilibaki giza saa nzima. Ya pili, yenye sabuni kidogo kabisa, ilianza kupanda polepole, na sikubanduka pale hadi iliposimama.