Mnazi wa Bustanini Unapokua Kwa Kuinama
Mnazi wangu ulio karibu na ukuta umeinama kuufuata mwanga, jambo la kawaida, kwani mnazi hauvumilii kivuli. Linalonihangaisha zaidi ni kilele kinachopinda ghafla upande mmoja ilhali shina la chini yake limenyooka. Hapo hushuku kwanza upungufu wa boroni, madini ambayo mvua kubwa huyasomba upesi kutoka kwenye udongo wa kichanga. Majani machanga nayo hutoka mafupi, yamekunjamana, na ncha zake zimepinda kama ndoana. Boroni huwekwa kidogo mno, maana ikizidi huwa sumu. Kwa kuwa mnazi hukulia kileleni tu, na shina lililokomaa halibadiliki umbo, sehemu iliyopinda haitanyooka. Kitakachoelekea juu ni ukuaji mpya.