Sakafu ya upande wa Mama

Juzi tukirudi kutoka Gongoni, kwenye lile dimbwi la kabla ya daraja la Sabaki, Mama akainua miguu. Yote miwili, na buibui kalikusanya magotini, mpaka tukavuka.

Binti yangu akauliza kutoka nyuma, "Bibi, mbona wainua miguu?"

"Mazoea, mjukuu wangu."

Gari langu halivuji. Lina kapeti, na juu ya kapeti nimetandika mpira. Sikusema neno, nikaongeza sauti ya redio, maana kuna jambo la Februari 1998 ambalo mimi na marehemu Baba tulikubaliana Mama asilijue.

Wakati huo gari letu lilikuwa Peugeot, ile 504 steshen-wagoni. Baba alikuwa akiisifu kama mtu anayemsifu mkwe: imeshinda Safari Rally 1975, ikarudia 1978. Asichosema ni kwamba zile za mashindano hazikuwa zikibeba changu na barafu kutoka Ngomeni kila alfajiri. Maji ya samaki yalichuruzika chini ya kapeti, na kila Baba akikanyaga breki yalikimbilia mbele, yakatuama miguuni mwa Mama. Chumvi ikala kimyakimya. Mvua za El Nino zilipokuja mwishoni mwa 1997, kazi ilikuwa imebaki kidogo tu. Mama alitandika sinia kuukuu chini ya miguu, na akiona dimbwi, anainua. Sijapata kumsikia akilalamika.

Baada ya Idi, mfunguo mosi, kukawa na harusi Mambrui, ya upande wa kina Mama. Baba akaona haya. Akaita fundi wa bodi aje uani kwetu, Shela, na kumrahisishia kazi akamtolea kipande cha bati kilichosalia tulipoezeka jiko.

Fundi alilitazama akalirudisha. "Mzee, hili lina zinki. Nikilichoma, usiku natetemeka kama mwenye malaria. Tena ni jepesi. Gari hili si Landrova, halina chesi. Sakafu ndiyo uti wa mgongo wake. Nitafutie bati jeusi, geji 18."

Likatafutwa. Viti vikatolewa vikawekwa chini ya mwarobaini, na Bibi akahamia hapo na tasbihi yake kwa siku mbili. Betri ikachomolewa, paipu ya mafuta ikafunguliwa, magogo yakawekwa chini ya kingo zote mbili ili bodi isilegee. Kapeti ilipofunuliwa, fundi akagonga kwa tindo, na tindo ikazama. Akagonga pembeni, ikazama. Baba alikuwa amesema tundu ni "la sarafu". Kufika adhuhuri nilikuwa nimeketi ndani ya gari nikimtazama kuku akipita chini, mzima, kutoka kichwa mpaka mkia.

Fundi alikata hadi akafika kwenye chuma kinacholia. Akapima kwa katoni ya sabuni, akakata bati kwa kufuata katoni, akalishika kwa nukta, moja huku, moja kule, bati lisipinde kwa moto. Kazi yangu ilikuwa gunia bichi: nikiona moshi, nizime. Nilisinzia mara moja tu. Kovu liko gotini.

Siku ya pili, baada ya alasiri, kabaidi ya kutolea gesi ya kuchomea ikaisha. Ilibaki kona moja, mbele kushoto, upana wa kiganja. Dukani hamna mpaka Jumatatu, na harusi ni kesho. Fundi akafunga vyombo vyake kwenye baiskeli akasema samahani zake.

Baba akasimama pale, mikono kiunoni. Kisha akaingia ndani, akatoka na pamba ya mto uliochanika, kopo la sifa, yale mafuta ya papa, na nyundo ya mti ambayo sikuwa nimeiona ikitoka sandukuni tangu nizaliwe. Kabla ya samaki, Baba alikuwa akitia kalafati majahazi, kuziba nyufa za mbao yasivuje. Nilikuwa nikilisikia kama hadithi ya mtu mwingine.

Aliketi kwenye udongo. Akasokota pamba pajani kama anayesokota utambi, akaichovya kwenye sifa hadi ikawa rangi ya asali, harufu ikatapakaa ua mzima, ile ya ini la papa ambayo ukiishika leo unaoga nayo kesho. Akakata kipande cha bati, akakilaza juu ya tundu, akaanza kuishindilia pamba kwenye mwanya kwa tindo butu. Hakuwa akitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Mwanzo nyundo ililia "pwa". Akaongeza pamba. "Pwa." Akaongeza. Kisha ikalia "ko", kavu, akaitikia kwa kichwa kama aliyeitwa jina lake, akasogea inchi moja, akaanza tena. Alizunguka kipande chote hivyo, na jua linazama, nami nimemshikia kopo, siongei. Mwisho akamimina lami ya moto juu na chini, akaifunika kwa kipande cha tyubu.

"Inashika hiyo?" nikauliza.

"Jahazi lafika Pemba kwa pamba na mafuta. Mambrui ni hapa." Akafuta mikono. "Mamako usimwambie."

Fundi alirudi Jumatatu. Baba akamwambia kona imeshakwisha, akamlipa, akampa na changu mmoja. Gari likauzwa 2002.

Hiyo juzi, tulipofika mlangoni na mtoto kalala, nikajikaza.

"Mama, ile Peugeot, baada ya kutengenezwa, iliwahi kukuvujia?"

"Hata tone."

"Sasa miguu je?"

Akajifunga mtandio, akatafuta kiatu kilichomponyoka.

"Miaka minne nimeketi juu ya sifa. Wewe wadhani hii pua niliiweka ya mapambo?"

Nikataka kumuuliza kama Baba alijua kwamba anajua. Lakini alikwisha fungua mlango, na mguu mmoja uko nje.